Breki za Mzee Taratibu

Usimtengenezee baba mkwe wako gari. Akikuomba, sema mgongo unauma. Akikubana, safiri. Mimi sikuambiwa na mtu, ndiyo maana nawaambia ninyi mapema: mteja wa kawaida akikuudhi unamwonyesha geti, lakini baba wa mke wako utamwonyesha geti gani? Unameza mate, unasema "sawa baba," unarudi chini ya gari ukaongee na mafuta machafu.

Huyu wangu mtaa mzima unamwita Mzee Taratibu. Alikuwa dereva wa lori la kampuni ya ujenzi tangu ndevu zinaota mpaka zikawa nyeupe. Kabeba kokoto, saruji, nondo, milimani na mabondeni, na maisha yake yote hakuwahi kugonga hata kuku. Hilo atakuambia kabla hujamaliza kumsalimia. Alipostaafu akabaki na gari lake dogo la zamani, lenye pua ndefu na taa za mviringo, alilolinunua ujanani likiwa tayari limeshapita mikononi mwa watu. Analiosha kila asubuhi, ndipo anywe chai. Mama mkwe analiita "mke mwenzangu," na ukimwangalia usoni huoni dalili kubwa ya utani.

Sasa mke mwenza huyo alikuwa na ugonjwa mmoja tu, ila ni ule wa kuua. Ukikanyaga breki, anavuta kushoto. Breki za mbele zilikuwa za dramu, yaani kuna kitu kama sufuria la chuma linalozunguka pamoja na gurudumu, na ndani yake viatu viwili vinatanuka vikilisugua ili lisimame. Zikiwa mpya sina neno nazo. Zile zilikuwa zimelika, zimechongwa na kuchongwa tena. Ya kushoto inashika mapema, ya kulia inashika ikijisikia, na maji yakiingia hakuna inayoshika. Nilibadilisha viatu. Nilibadilisha silinda zinazovisukuma. Linatulia siku chache, kisha linarudia mchezo wake. Dramu mpya za gari la umri ule hazipatikani tena, labda uende ukazichimbe. Dawa ilikuwa moja: kung'oa kila kitu cha mbele na kufunga breki za diski. Nilimwambia Mzee hivyo tangu enzi za uchumba. Akanijibu haraka haraka haina baraka.

Basi ikaja siku ya mvua. Mzee anamtoa mama kliniki, wakafika kwenye taa za njia panda, taa ikawa nyekundu, Mzee akakanyaga, na gari likapanda pembezoni likaenda kulala kwenye meza ya muuza matunda. Hakuumia mtu, ila machungwa yalitembea barabara nzima. Mama mkwe ana ugonjwa wa viungo, magoti yake yanalia akiinuka tu kitini. Siku hiyo alifungua mlango, akashuka, akarudi nyumbani kwa miguu yake kwenye mvua, Mzee akimfuata nyuma na gari huku akimbembeleza kupitia dirishani. Alipofika mlangoni akageuka akasema neno moja.

"Mimi humo siingii tena mpaka breki zishike."

Na hakuingia. Watu wasiomjua walidhani ni hasira za siku mbili. Miguu ya yule mama ilikuwa ni lile gari. Sokoni, kliniki, kwa dada yake, kote alikuwa akipelekwa na Mzee, kiti cha mbele, mkoba magotini. Sasa akawa mtu wa dirishani. Siku ya kliniki wanaita teksi, mama anapanda teksi, na Mzee, Mungu anisamehe, anaifuata teksi kwa nyuma na gari lake tupu mpaka kliniki, anasubiri, anaifuata tena mpaka nyumbani. Madereva teksi wakawa wanamwogopa. Mke wangu, ambaye ni binti yao wa mwisho, akawa analala na kuamka na hadithi hiyo hiyo. Mzee hakuwa anataka kitu kingine duniani: alitaka mkewe arudi kwenye kile kiti, ampeleke mwenyewe anakotaka.

Ndipo akanijia gereji, kavaa kofia yake ya udereva, akaniambia kwa sauti ya mtu anayenifanyia hisani kwamba amekubali zile diski zangu.

Nilifurahi, mjinga mimi. Kwenye yadi ya vyuma chakavu nikapata gari la ukoo ule ule lakini la miaka ya baadaye, nikang'oa diski, kalipa zake na habu, yaani kitovu kinachoshika gurudumu. Diski ni sahani ya chuma, na kalipa inaibana huku na huku, kama unavyombana sikio mtoto mtukutu. Hakuna kutanuka, hakuna kujisikia. Kazi safi. Kazi ambayo mtu akiachwa peke yake anaimaliza bila kugombana na mtu. Sikuachwa. Asubuhi ya kwanza Mzee alifika na kiti chake cha plastiki kutoka nyumbani, akakiweka usawa wa kichwa changu, akakunja nne. Kila nati niliyofungua aliniuliza kama nina hakika. Kila niliyofunga akaniambia taratibu.

Nilipofunga diski zote mbili nikarudisha gurudumu, nikalizungusha. Likagoma. Rimu inagusa kalipa. Rimu za zamani ni ndogo, zilitengenezewa dramu, hazina nafasi ya kalipa. Nikamweleza Mzee kwamba tutumie rimu za lile gari la yadini. Akatazama kalipa muda mrefu, akashauri niichonge kidogo. Nikamwambia, kwa adabu zote nilizofundishwa, kwamba kalipa ndiyo inayobeba nguvu yote ya mguu wake, na ukiichonga unajichongea jeneza. Basi nichonge rimu. Nikamwambia rimu nazo vivyo hivyo. Akauliza fundi gani huyu asiyejua kuchonga. Nikaenda nyuma ya gereji nikanywa maji.

Alikubali rimu mpya baada ya kununa kwa muda, kisha ikabainika kwamba vile vifuniko vyake vya magurudumu, vile vya kung'aa anavyovisugua kwa majivu, haviingii kwenye rimu hizo. Wallahi nilidhani atalia. Alivifunga kwenye shuka akavibeba nyumbani kifuani. Mama mkwe alipovikuta mezani akasema, kumbe mke mwenzangu kavuliwa hereni. Nasikia Mzee hakula usiku ule.

Nimalizie la kidude. Kwenye masta silinda ya breki za dramu, ile pampu inayosukumwa na pedali, pale mafuta yanapotokea, kuna kivalvu kidogo cha mpira kinachobakiza presha kwenye bomba ili viatu visirudi nyuma sana. Kwenye diski hakitakiwi hata kwa dawa, maana kikibakiza presha, kalipa zinabaki zimebana. Nikakitoa, nikakiweka mezani, nikaenda dukani kununua mafuta ya breki. Nikarudi, nikajaza, nikatoa hewa kwenye mabomba yote, nikatoka barabarani kujaribu. Sikufika mbali. Gari zito, moshi unafuka magurudumu ya mbele, harufu ya kuungua mpaka kooni. Nikarudi nikafungua. Nikabadilisha kalipa ya kushoto. Nikabadilisha ya kulia. Nikabadilisha mipira. Nilikesha na breki zile mpaka mke wangu akaniuliza kama nina mwanamke huko gereji. Mzee yuko kitini, ananitazama, anatikisa kichwa kumsikitikia binti yake.

Siku ya kushindwa kabisa nikakaa chini sakafuni, nikasema kwa sauti kwamba hili gari linafanya kama vile kile kivalvu bado kimo. Mzee akasema, kimo. Nikamwangalia. Akaniambia kwa upole kwamba siku ile nilipokwenda dukani alikiona mezani, akajua nimekisahau, yeye masta ile kaifungua mara nyingi kuliko umri wangu, akakirudisha mahali pake. Hakuniambia ili nisione haya.

Kuna maneno mtu hawezi kumwambia baba mkwe, na mimi nilikuwa nayo yote mdomoni.

Nilipokitoa, gari likawa gari. Nilikwenda nalo hadi mwisho wa barabara ya lami, nikakanyaga breki nikiwa mwendo mkali, nikaachia usukani kabisa. Likasimama limenyooka kama limepigiwa mstari. Nikarudia kwenye maji. Likanyooka. Nikarudia kwenye kokoto. Nilicheka peke yangu humo ndani. Nikalipeleka nyumbani kwa wazee, nikamkabidhi Mzee funguo mbele ya mkewe, nikatangaza kama bwana harusi kwamba mambo tayari.

Mama alikuwa ameshajiandaa. Kavaa viatu vyake vya kutokea, mkoba mkononi, kakaa kwenye kiti cha barazani anasubiri. Mzee akasema kwanza alizungushe kidogo peke yake alizoee, ndipo amchukue. Akatoka, akaenda mpaka kona, akageuza, akawa anarudi na tabasamu lake lote. Akaingia getini. Akakanyaga breki. Gari likakata kulia, likaivaa nguzo ya geti lake mwenyewe.

Haikuwa ajali ya kutisha. Taa moja ilipasuka na pua ikajikunja. Lakini yule mama alitazama, akainuka taratibu akiushika ukuta, akaingia ndani, na kupitia mlango nikamwona anakaa kitandani anavua viatu.

"Umeniharibia gari," Mzee akaniambia.

Hapo ndipo nilipojua kwamba kuna hasira ya kawaida na kuna hasira ya fundi. Nilipima kila kitu. Kalipa zote zinabana sawa, diski zimenyooka, upepo wa matairi sawa, mafuta yanafika sawa. Nikaendesha mimi, limenyooka. Akaendesha yeye, kulia. Nikaendesha mimi nimefumba macho nusu, limenyooka. Akaendesha yeye, kulia! Nyumbani nako mke wangu ananiuliza nimemfanya nini baba yake, kwamba zamani lilikuwa likivuta kushoto kwenye ukingo na sasa linavuta kulia, katikati ya magari yanayokuja, huo ndio ufundi? Nikamwambia aolewe na fundi mwingine. Tukanuniana.

Mwishowe nikamwomba Mzee nikae naye mbele. Tukaenda kwenye uwanja wa mpira, mchana, hapana mtu. Nikaacha kuyaangalia magurudumu, nikaanza kumwangalia yeye. Akakanyaga breki. Na kabla gari halijafanya chochote, mguu ulipoanza kushuka tu, mikono yake yote miwili ikazungusha usukani kulia. Uso wake hauna habari. Nikamwambia arudie. Mguu chini, mikono kulia. Miaka yote ile gari likimvuta kushoto, yeye alikuwa akilirudisha kulia, na mikono ilikuwa imeshajifunza kazi yake bila kumuuliza. Ugonjwa wa gari nimeutoa, dawa yake imebaki mwilini mwa dereva. Mazoea yana taabu, wanasema, lakini waliosema hawakuwahi kukaa na mazoea ya mzee yule kwenye kiti cha mbele.

Nilizunguka na maneno mengi ya heshima, nikaona hayafiki.

"Baba, gari haliendi kulia. Unalipeleka wewe."

Akakasirika, kama nilivyotegemea. Dereva wa umri ule unamwambia hajui kushika usukani. Nikamwomba asitazame barabara, atazame mikono yake tu, uwanja ni mkubwa hatugongi kitu. Akaenda pole pole, macho kwenye mikono, akakanyaga breki. Ikazunguka. Akaiona. Akazima gari. Akakaa akiitazama kama imeletwa na mtu mwingine ikasahauliwa pale juu ya usukani. Mimi niliyekuwa nataka sana haki yangu, nilipoipata sikuipenda.

Tukaanza mazoezi. Kila alasiri tuko uwanjani, nenda, kanyaga, nenda, kanyaga, gereji yangu imefungwa na wateja wananitukana kwenye simu. Akifikiria, anasimama sawasawa. Naanza kufurahi. Kisha mbwa mmoja akakatiza mbele yetu bila taarifa, Mzee akakanyaga kwa nguvu, na gari zima likageuka kulia. Mbwa akapona. Barabarani hakuna anayekupa nafasi ya kufikiria, na hilo halikuhitaji fundi kulieleza.

Siku iliyofuata akaja gereji bila kiti. Akasimama. Akaniomba nimrudishie zile dramu zake.

Jamani. Baada ya rimu, baada ya hereni za mke mwenza, baada ya kidude, baada ya kununiwa na mke wangu! Anataka gari bovu kwa sababu ubovu wake anaujua. Anasema lilikuwa likivuta kushoto, yeye analirudisha kulia, linakaa katikati, shida iko wapi? Nikamkumbusha mvua. Nikamkumbusha machungwa. Akasema siku ile alichelewa kidogo tu. Nilipandwa na hasira, mkwe au si mkwe.

"Sirudishi, baba. Hata ukimchukua binti yako."

Aliondoka bila kuaga. Mke wangu aliposikia nilichosema, akanifuata na maneno yake hadi nyumbani kwa wazazi wake, nilikokwenda kuomba radhi. Tulimkuta Mzee ameegemea gari uani, funguo mkononi, anamweleza mkewe kupitia dirishani kwamba fundi kakataa, kwamba mikono yake imemgomea, kwamba hajui afanye nini. Alikuwa anaeleza kwa sauti ndogo, na nilitamani nisingeisikia.

Dirisha likafungwa. Tukasubiri. Mama mkwe akatoka na fimbo yake, kavaa vile viatu vya kutokea, akashuka ngazi moja moja bila kukubali kushikwa. Akafungua mlango wa mbele wa gari, akakaa kwenye kiti chake, akaweka mkoba magotini.

"Breki zinashika, fundi kasema," akamwambia mumewe. "Mimi nilisema zikishika naingia. Haya, twende. Ukikata kulia nitakuambia."

Nikaona ndiyo basi, kashinda. Alichokitaka ndicho hicho, mke kiti cha mbele, mlango umefungwa, anasubiri yeye tu azunguke akae. Mzee akazunguka mpaka mlango wa dereva. Akaushika. Akasimama pale muda mrefu akimtazama mkewe kupitia kioo cha mbele, na mkewe akimtazama, na mimi na mke wangu tumesahau kwamba tumenuniana.

Kisha akarudi upande wa mkewe, akafungua mlango, akainama.

"Wewe sikubebi kwa mikono hii, mama watoto."

Akamtoa taratibu, akamwingiza kiti cha nyuma. Akanirushia funguo bila kuniangalia. Halafu akazunguka upande wa pili, akavua kofia yake kwa sababu paa la nyuma ni la chini, akaingia akakaa kando yake. Miaka yote ya gari lile nadhani hakuwahi kukaa huko. Alikuwa anatafuta pa kuweka miguu kama mgeni.

Mimi sikuwa nimeombwa. Ila sasa ndiyo kazi yangu, kila Jumamosi, bila mshahara, na abiria wa nyuma aliyeendesha malori akiniambia gia ya tatu, punguza, taratibu, hujaona yule, shika breki. Siku ile ya kwanza alianza kabla hatujatoka getini. Nilijikaza kisabuni. Mama alitaka kwenda kwa dada yake, ambaye hawajaonana naye tangu siku ya mvua, na njia ya kwenda huko inapita pale pale kwenye taa.

Taa ikawa nyekundu. Nikakanyaga, si kwa nguvu, gari likasimama limenyooka, sawasawa na mstari mweupe. Nikatazama kwenye kioo nipokee pongezi zangu. Mzee hakuwa ananitazama. Mikono yake miwili ilikuwa mbele ya kifua, hewani, imegeuka kulia imeshikilia kitu ambacho hakipo. Mama mkwe akaichukua, akaishusha mmoja baada ya mwingine, akaiweka magotini kwake juu ya mkoba, akaifunika na ya kwake.

Walianza kupiga honi nyuma yetu, kumbe taa ilishabadilika zamani, na mimi mguu bado uko kwenye breki.